Jina Moja kwenye Mkataba wa Bibi Somoe

Nawaonya mapema. Hadithi hii nimeshaisimulia mara nne, na mara zote nne wasikilizaji waliondoka wamenuniana. Mara ya mwisho bwana mmoja na mkewe walirudi kwao, mmoja mbele, mwingine hatua ishirini nyuma. Basi kaeni mnavyotaka kukaa, ila tukifika mwisho msije mkasema sikuwaambia.

Nachikunde ni kijiji cha bara ya Lindi, juu kwenye uwanda wa mikorosho, ambako maji yako mbali na kila mtu anajua mkorosho upi ni wa nani. Hapo aliishi Bibi Somoe Likunja na wajukuu wake watatu, watoto wa binti yake wa pekee, marehemu Zena. Zena alipofariki, bibi aliwabeba wote watatu, akawalea mpaka wakawa watu wazima. Na kama ilivyo kwa bibi na wajukuu, aliwatania kutwa nzima. Wasichana wawili aliwaita wake wenzangu. Wa kiume alimwita mume wangu, na chakula kikichelewa alimdai talaka.

Sasa, hao watatu hawakuwa watu wa kawaida.

Siwema, mkubwa, alikuwa fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa masikio. Neno likishaingia kwenye masikio ya Siwema halitoki. Mteja alimtajia vipimo vya watu saba wa nyumbani kwake, naye hakuandika hata kimoja. Mwaka wa pili mteja yule akirudi, Siwema anauliza tu nani amenenepa. Siku moja majirani wawili waligombana juu ya maneno yaliyosemwa kwenye posa miaka mitano nyuma. Wakamwita. Siwema aliyarudia yote, kila mtu kwa sauti yake, mpaka chafya ya mshenga akaipiga mahali pake. Wale wawili walitazama chini, maana kila mmoja alikuwa amesahau sehemu yake mwenyewe.

Shamte, wa kati, alipanda miche ya mikorosho kwenye mashamba ya watu, na kipaji chake kilikuwa miguu. Wengine hupanga mistari kwa kamba na vijiti. Yeye alitembea. Hatua zake nne ni mita tatu, iwe mlimani, iwe topeni, awe ameshiba au ana njaa. Afisa kilimo mmoja alikuja na futi ya chuma akapima shamba zima kutafuta kosa. Jioni alikunja futi yake akaomba maji ya kunywa. Ukisimama pembeni mwa shamba alilopanda Shamte, katika kila mstari unaona mti mmoja tu. Mingine yote imejificha nyuma yake.

Arafa, mdogo, alikuwa mfinyanzi, na kipaji chake kilikuwa viganja. Mfumbe macho, mpe bonge la udongo: atakwambia umelitoa bonde gani, kama mvua imeshanyesha huko, na kama mahali hapo pamewahi kuchimbwa. Watu walimuuliza anajuaje. Yeye alishangaa kwamba wao hawajui. Udongo wa juu na udongo wa chini ni watu wawili tofauti, alieleza. Ukishawachanganya hata kwa siku moja, hawarudi kila mtu chumbani kwake.

Hao ndio watatu. Msianze kuchagua, bado mapema.

Kampuni ya gesi ilipofika Nachikunde, iliita mkutano ikaeleza mambo ambayo ni kweli. Gesi iliyoko chini ni mali ya nchi. Ya juu ni yako: mikorosho yako, ufuta wako, nyumba yako. Sasa ili kampuni ifike chini ni lazima ipite juu, na ili ipite juu ni lazima muandikiane mkataba wa kutumia uso wa shamba lako: mashine itakaa wapi, barabara itapita wapi, itakaa miaka mingapi, na mwisho udongo utarudishwa vipi. Ni jambo la haki kabisa likisemwa hivyo. Shida ya jambo la haki ni kwamba lazima mtu aliandike.

Shamba la Bibi Somoe lilikuwa kubwa, na upande wa magharibi palikuwa na kichaka. Humo ndimo walimolala watu wa ukoo wake, na Zena wa mwisho wao. Usitegemee kuona mawe yaliyoandikwa. Kule huchomekwa mti kichwani na mti miguuni, mchwa hula, mvua husawazisha tuta, na kinachobaki ni kichaka ambacho hakuna mtu anayekikata. Kila mwenyeji anajua. Mgeni huona vichaka tu.

Na mgeni alikuja. Mpimaji wa kampuni aliitwa Lutengano, kijana mpole kutoka nyanda za mbali, mwenye chombo cha miguu mitatu na adabu zote alizofundishwa kwao. Alisimama katikati ya shamba, akamwamkia bibi, kisha akauliza swali zuri kabisa.

"Bibi, makaburi yako wapi, ili barabara tuipeleke upande mwingine?"

Sikilizeni vizuri, maana kosa lote lilizaliwa hapa, na lilizaliwa na watu wawili waliokuwa wanaheshimiana. Nachikunde hakuna mtu anayenyoosha mkono kuelekea makaburini. Mtoto akinyoosha kidole, hupigwa kofi kwenye mkono huohuo. Ukiulizwa makaburi yako wapi, huonyeshi makaburi. Unaonyesha pa kupita, na muulizaji anaelewa kwamba kwingine kote asiguse. Ndivyo Bibi Somoe alivyofanya. Aliuelekeza mpini wa jembe mashariki, kwenye ufuta, akasema kwa upole, "Huku."

Lutengano akashukuru. Akachora misalaba midogo kwenye ufuta. Akachora barabara magharibi.

Siku ya kusaini walikusanyika kwenye darasa la shule. Mwanasheria wa kampuni, mama mmoja nadhifu aitwaye Bi. Kileo, aliusoma mkataba wote kwa sauti, na simu ya kampuni ikawa mezani inarekodi. Alisoma vigingi kwa namba: kutoka namba nne mpaka namba sita, mita kadhaa, nyuzi kadhaa. Nani angejua namba sita ni wapi? Vigingi vyenyewe vilikuwa havijachomekwa ila kile cha nne, pale njia panda. Aliposoma habari za makaburi, bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akachovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza. Siwema alikuwa ameketi nyuma yake akimshikia mkoba.

Nakala ilichukua siku ishirini na sita kufika. Siku ishirini na sita, jamani, wakati mkataba wenyewe unasema mwenye shamba ana siku thelathini za kuweka pingamizi, na tingatinga inaingia siku ya thelathini na moja. Sitaki kusema walichelewesha kusudi. Nasema tu kwamba bahasha haikutoka mwezini, ilitoka Lindi mjini.

Mchana ule Siwema alikuwa anashona, na Shamte ameketi kizingitini anamsomea bibi nakala kwa sauti, kwa sababu bibi alipenda kusikia jina lake limeandikwa. Alipofika ukurasa wa tano, cherehani ilinyamaza.

"Rudia hapo," Siwema alisema.

Shamte akarudia: kampuni haitagusa makaburi ya ukoo yaliyoonyeshwa kwenye ramani.

"Hakusoma hivyo. Alisoma, haitagusa makaburi ya ukoo popote yalipo. Kisha akakohoa, akafungua ukurasa."

Walitazamana. Ramani ilikuwa nyuma kabisa, imebanwa kwa pini. Shamte aliifungua juu ya mkeka. Akaona misalaba midogo iko kwenye ufuta. Akaigeuza ramani, akadhani ameishika juu chini. Akaigeuza tena. Bibi aliuliza kulikoni, akaelezwa. Kisha akasema kwamba yule kijana alimuuliza vizuri, na yeye alimjibu vizuri, na sasa Zena atapitiwa na magari.

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, wala si jingine. Zilibaki siku nne.

Siku ya ishirini na saba Siwema alikwenda ofisi ya kijiji, na mtendaji akamwita Bi. Kileo, aliyekuwa kwenye kambi ya kampuni. Mwanasheria alisikiliza kwa heshima, akajibu kwamba karatasi ndiyo iliyosainiwa, na kumbukumbu ya mtu hata iwe nzuri vipi ni kumbukumbu tu. Hapo damu yangu huchemka kila nikisimulia. Aliyebonyeza dole hakuweza kusoma, na kampuni ilijua; alibonyezea kile alichokisikia! Lakini Siwema hakubishana. Alimwomba Bi. Kileo aiwashe rekodi ya siku ile, kisha aizime sauti, aangalie tu dakika zake zinavyokwenda.

Akaanza kusema.

Alisema mkataba wote tangu jina la kampuni. Kurasa kumi na moja. Alisema vigingi na nyuzi zake. Palipo na kikohozi alikohoa, mahali kiti kilipovutwa alinyamaza kwa muda uleule. Alipofika maneno ya makaburi Bi. Kileo alirudisha sauti, na mle ofisini zikatoka sauti mbili kwa pamoja, ya simu na ya Siwema, kama mtu mmoja anayesema kwa midomo miwili: popote yalipo. Mtendaji alikuwa amesimama bila kujua ni saa ngapi alisimama. Nje, waliokuja kugongewa mihuri walikuwa wamejaa dirishani.

Bi. Kileo alivua miwani. Alisema kweli, alisoma rasimu ya kwanza, na iliyochapwa ni ya pili; kosa ni la ofisi yake na atalirekebisha. Itakuwa popote yalipo. Ila, alisema, neno hilo halibadili barabara, kwa sababu kwa mujibu wa mpimaji, popote yalipo ni kule kwenye ufuta.

Mnaona? Mlango ulifunguka, ndani mkawa na mlango mwingine.

Siku ya ishirini na nane ilikuwa ya Shamte. Aliazima dira kwa mwalimu wa jiografia, akasimama njia panda kwenye kigingi namba nne, na nusu ya kijiji nyuma yake. Lutengano alikuwepo na chombo chake. Kwa kweli alikuja akiwa na uhakika, na alimshauri Shamte kwa wema asijisumbue, kwa sababu hakuna mguu wa binadamu unaoweza kufuata ramani ya vipimo mle mashambani.

Shamte alitazama karatasi. Mita mia sita kumi na mbili. Alisema kimoyomoyo, hatua mia nane kumi na sita, akaondoka. Alipita kwenye matuta ya mihogo, akapita kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo na kuachwa, akashuka na kupanda bila hatua kuongezeka wala kupungua. Watu waliomfuata walianza wakipiga soga. Kufikia hatua ya mia tano zilisikika nyayo tu. Alipofika mia nane kumi na sita alichomeka kijiti: namba tano. Akageuka kwa dira. Mita mia mbili ishirini na nane, hatua mia tatu na nne. Na sasa kila mtu aliona anaelekea wapi, maana kichaka kilikuwa mbele yake kinakua.

Aliingia kichakani. Mia tatu. Mia tatu na moja. Wanawake walijitanda kanga vichwani. Mia tatu na mbili. Mia tatu na tatu.

Hatua ya mia tatu na nne hakuikanyaga. Alibaki amesimama kwa mguu mmoja, mwingine uko hewani, hautikisiki, na chini ya unyayo wake palikuwa mahali alipolala mama yake.

Lutengano alisimamisha chombo chake, akapima kutoka namba nne hadi pale penye ule mguu. Akapima mara ya pili. Tofauti ilikuwa pungufu ya shubiri. Ndipo alipomgeukia Bibi Somoe akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa, kwa nini siku ile alimwonyesha mashariki.

"Uliniuliza makaburi, mwanangu. Nikakuonyesha pa kupita. Kwenu mnanyoosha mkono kwa wafu?"

Kijana yule aliketi chini kwenye majani. Alisema kwao hunyoosha. Alisema hakuna aliyemwambia. Kisha akasema jambo ambalo wengi wasingelisema, kwamba kosa ni lake na ataliandika kwa mkono wake, lakini ofisini watamwomba ushahidi, na yeye anaona kichaka tu. Kampuni haihamishi barabara kwa sababu ya kichaka. Na kuchimba kutafuta watu wa ukoo ili kuthibitisha kwamba wasichimbwe, hilo hata yeye hakuthubutu kulitamka mara mbili.

Siku ya ishirini na tisa ilikuwa ya Arafa.

Alikuja asubuhi na kibuyu cha maji na kikapu cha majivu ya tanuri lake. Aliomba radhi kwa waliolala, akavua ndala, akapiga magoti. Alianza pembeni. Alimwaga maji kiasi cha kujaza kiganja, akaweka mkono juu yake, akangoja. Udongo usiowahi kufunguliwa hunywa polepole. Uliofunguliwa, hata miaka hamsini nyuma, hunywa kama msafiri. Alisogea, akamwaga, akangoja. Hakuongea na mtu. Alipohisi ukingo alichora mstari wa majivu, na mstari ukakunja kona, ukarudi, mpaka pale chini ya majani yasiyo na alama yoyote kukawa na umbo refu jembamba, limeelekea upande uleule walioelekezwa wafu wote wa Nachikunde.

Moja. Saa nzima baadaye, mbili. La Zena lilikuwa la sita, na alipolichora hakukawia kuliko mengine, ila aliacha kiganja chake pale baada ya maji kwisha.

Bibi Somoe alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba ni makaburi tisa. Arafa alipomaliza la tisa watu walianza kunyanyuka. Yeye hakunyanyuka. Alikuwa amegeuka pembeni, chini ya mti wa mkwaju, amemwaga maji na ameinamisha kichwa. Akachora umbo la kumi. Lilikuwa fupi, halifiki urefu wa mkono wa mtu mzima.

Mtendaji alimwambia kwa upole kwamba bibi amesema tisa. Arafa akajibu kwamba mikono yake inasema kumi.

Lutengano alikwenda kambini akarudi na kigari, ile mashine inayosukumwa juu ya ardhi kutafuta mabomba yaliyofukiwa. Aliisukuma polepole kutoka pembe hadi pembe, akitazama kioo chake. Kila ilipovuka mstari wa majivu, kioo kilitikisika. Palipo na majivu palitikisika, pasipo na majivu palitulia, hapakuwa na kosa hata moja. Alipofika chini ya mkwaju akapunguza mwendo. Kioo kikatikisika. Akavua kofia.

Wote walimtazama Bibi Somoe. Aliketi, akafunga vizuri kanga yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyo ni wangu. Alitangulia kabla ya Zena. Aliishi siku tatu, hakufika siku ya kupewa jina. Miaka hamsini na moja sijamtaja kwa mtu, kwa sababu ningemtajaje?"

Mimi mwenyewe nikifika hapa hupumzika kidogo, nanyi pumzikeni.

Siku ya thelathini Bi. Kileo alikuja na mkataba mpya. Barabara ilipita mashariki, kwenye ufuta. Maneno yalisomeka popote yalipo, na chini yake makaburi kumi yakaorodheshwa, yamepimwa moja moja. Safari hii alisoma kile kilichochapwa, na kila ukurasa alimtazama Siwema kabla ya kufungua mwingine. Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jambo jipya. Kwa kuwa bibi amezeeka na mkataba ni wa miaka ishirini na mitano, paandikwe msimamizi wa ardhi. Huyo ndiye atakayeitwa kila kampuni ikitaka kugusa kitu. Ndiye atakayekaa na ufunguo wa lango. Akisema hapana, tingatinga inasimama. Na baada ya bibi, shamba linakaa mikononi mwake kwa niaba ya ukoo. Mstari ni mmoja, wa jina moja. Bi. Kileo aliombwa aongeze mistari miwili akakataa, na safari hii nitamtetea: alisema mkataba wenye wasimamizi watatu kampuni itamtafuta aliye rahisi kati yao, imsainishe yeye.

Ndipo wale wajukuu watatu, ambao kwa siku nne walikuwa kama mtu mmoja, walipoanza.

Siwema alisema bila yeye pasingekuwa na safari. Bahasha ingekaa kabatini, wangejua siku ya tingatinga. Shamte angetembea kwenda wapi? Arafa angepiga magoti wapi? Na kwa miaka ishirini na mitano watakuja watu wa kampuni wapya, kila mmoja na ahadi yake ya mdomo. Nani atayashika maneno yao?

Shamte alisema maneno ya Siwema yalishinda, na baada ya kushinda barabara ilibaki palepale juu ya mama. Wote walikuwa wanaangalia karatasi; yeye ndiye aliyeishusha karatasi ikagusa ardhi. Uzio husogea, alisema, leo shubiri, kesho hatua. Tena yeye ndiye mjomba wa watoto watakaozaliwa na dada zake, na katika ukoo wao mjomba ndiye msemaji wa ardhi.

"Msemaji, si mwenye tumbo," Arafa alimkata. "Watoto wako wewe ni wa ukoo wa mkeo. Sisi ndio tutakaoleta watu wa kuzikwa humo."

Bibi aliwaambia taratibu, bado hamjafa mnagombea pa kulala. Watu wakacheka, lakini si sana.

Arafa alisema masikio yalifungua mlango na miguu ikafika kichakani, na hapo mpimaji alisema nini? Alisema anaona kichaka tu. Barabara ilihamishwa na majivu yake. Na wao wawili wangemaliza kazi yao wakiwa na makaburi tisa. Lile la kumi lingebaki chini ya mkwaju, nje ya orodha, na mwaka wowote gari lingeegeshwa juu yake kwa ruhusa kamili ya mkataba.

Siwema akajibu kwamba bila neno popote yalipo, la kumi lisingekuwa na mahali pa kuandikwa. Shamte akajibu kwamba angalau yeye hakuhitaji mashine ije kumthibitisha, mashine ndiyo iliyomfuata. Arafa akamuuliza dira ilikuwa ya nani.

Lutengano, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliulizwa angemchagua nani. Alisema yeye alishawahi kuonyeshwa jambo na bibi huyu akaandika kinyume, hatarudia.

Bi. Kileo alisogeza kidau cha wino. Bibi Somoe alichovya dole gumba. Kwanza jina litajwe, liandikwe, kisha abonyeze. Alitazama masikio ya Siwema, akatazama miguu ya Shamte, akatazama viganja vya Arafa ambavyo bado vilikuwa na weupe wa majivu kwenye kucha. Utani wote ulikuwa umemtoka. Dole lilibaki juu ya karatasi.

"Wake wenzangu. Mume wangu," alisema. "Maisha yangu yote nimewahi kudaiwa jina mara moja tu, nikachelewa. Sitaki kuchelewa tena, na sitaki kukosea."

Kisha akawageukia watu wa darasani, na wa madirishani, na waliosimama nje wasioona kitu, akawaomba wamsaidie.

Wao walishindwa; ndiyo maana hadithi imenifikia mimi bila mwisho, nami nawaletea nyinyi. Msiniambie wagawane, mstari ni mmoja. Msiniambie wapige kura, Nachikunde nzima wangepiga na wangetoka sawa kwa sawa. Masikio, miguu, viganja. Wino uko kwenye dole la bibi na unakauka, na kabla jua halijazama siku ya thelathini inakwisha.

Wewe uliye karibu na mlango, anza wewe. Lipi ndilo jina?